Kupunguza Mikwaruzo kwenye Antena ya Kupokelea

Mtu wa redio za ridhaa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaijua hali hii. Jioni anafungua bendi ya mita 40, na kabla hajasikia sauti ya mtu, sindano ya kipimo cha nguvu imeshapanda hadi S7. Stesheni yoyote inayofika ikiwa dhaifu kuliko hapo imezama. Wengi hukimbilia kurefusha waya au kununua kikuza mawimbi, na fedha zinakwenda bure, kwa sababu waya mrefu huvuta stesheni na mikwaruzo kwa pamoja.

Lipo jaribio lisilogharimu kitu: chomoa antena. Kelele ikishuka waziwazi, ujue inatoka nje ya redio, na chini ya megahezi 10 karibu kila mara ndivyo inavyokuwa. Hapo kuongeza nguvu hakuna faida. Kinachotafutwa ni uwiano kati ya sauti unayoitaka na makelele. Ndiyo maana antena ya kupokelea inaweza kuwa dhaifu kiasi cha kuishusha stesheni desibeli 20, na bado ukaisikia vizuri kuliko mwanzo, mradi makelele yameshuka desibeli 30.

Kabla ya kupanda darini, anza na nyumba yako mwenyewe. Endesha redio kwa betri ya volti 12, kisha zima swichi kuu ya umeme. Kama kuna inverta ya akiba, izime nayo, la sivyo jaribio halina maana. Mikwaruzo ikikatika, mkosaji unaishi naye. Rudisha umeme chumba kimoja kimoja huku ukisikiliza. Mara nyingi utakuta ni chaja ya simu ya bei poa, taa ya LED, king'amuzi, au kile kiboksi cha umeme cha kompyuta. Vifaa hivi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na vya bei rahisi mara nyingi havina vichujio vya kuzuia uchafu huo usitoke kwenye nyaya.

Sola inastahili maelezo yake, maana siku hizi iko kila mahali. Mvumo unaoanza jua linapochomoza na kunyamaza magharibi unaelekeza kidole kwenye kidhibiti chaji. Nyaya ndefu zinazoshuka kutoka kwenye paneli hugeuka antena ya kurushia kelele. Zisokote pamoja, chanya na hasi, toka juu hadi chini, na uzizungushe kwenye pete ya feraiti karibu na kidhibiti. Kama paneli ni zako, dawa ya haraka kuliko zote ni kuzikata kwa swichi yake wakati unasikiliza. Zikiwa za jirani, nenda na redio ndogo mkononi akasikie mwenyewe. Maelezo ya mdomo peke yake huonekana lawama.

Mlio mkali wa kukwaruza unaozidi kiangazi na kupotea mvua ikinyesha ni wa nyaya za umeme za mtaani. Pwani, chumvi na vumbi hujikusanya kwenye vikombe vya nguzo hadi cheche ndogo zinaruka, na mvua huviosha. Tembea na redio ya mkulima kwenye AM, ukipanda masafa ya juu kadiri unavyokaribia, kwa kuwa huko kelele husikika kwa karibu tu. Andika namba ya nguzo, upeleke taarifa kwa shirika la umeme. Nguzo yenyewe usiiguse.

Baada ya hapo ndipo tuingie kwenye kebo, sehemu ambayo wengi huiruka. Uso wa nje wa kebo ya koaksi hubeba uchafu wa umeme wa nyumba hadi kwenye antena, ambako huingia kana kwamba umetoka angani. Unaweza kuwa na antena bora mwisho wa shamba na bado ikasikiliza friji yako. Pitisha koaksi nyembamba mizunguko 10 hadi 12 kwenye pete kubwa ya feraiti ya aina ya 31 pale inapoungana na antena, na pete nyingine pale inapoingia chumbani.

Kwa antena yenyewe, asiye na nafasi ajaribu kitanzi kidogo cha kipenyo cha mita 1 chenye kikuza chake, akiweke mbali na ukuta. Kitanzi kilichosimama wima kina pande mbili za uziwi. Kigeuze mpaka kelele ya jirani izame. Kwa mtu wa Dar es Salaam kuna faida ya ziada. Radi za misitu ya Kongo ziko magharibi, Ulaya iko kaskazini, hivyo kitanzi kilichonyooka kaskazini hadi kusini husaidia pande zote mbili. Usitarajie miujiza, maana mawimbi yanayoshuka kutoka angani hayazimiki kabisa kama yale ya karibu. Chaguo jingine ni waya wa mita 18 uliolazwa chini kwa umbo la mraba, ukiunganishwa kwa transforma ya 9:1 yenye mizunguko iliyotenganishwa. Hauna sura, lakini kwenye bendi za mita 160 hadi 40 unashangaza.

Mwenye shamba ana bahati ya kutumia antena ya Harold Beverage, ambayo Paul Godley aliitumia Ardrossan, Uskoti, Desemba 1921, kuzinasa stesheni za ridhaa za Marekani ng'ambo ya Atlantiki. Ni waya ulionyooka, mita 2 au 3 juu ya ardhi, mita 160 na kuendelea, wenye rezista ya omu 450 hivi iliyofungwa ardhini mwisho wake. Husikia upande uliko mwisho huo. Hupenda udongo mkavu usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo ufukweni, juu ya ardhi iliyolowa chumvi, haifai.

Usirushe matangazo huku kikuza cha antena ya kupokelea kimeunganishwa, kitaungua. Weka rilei ya kukitenga kila ubonyezapo kitufe cha kuongea. Na wingu la radi likikaribia, chomoa kebo zote, uziache nje ya nyumba.