Fundi, Andika Kazi ya Mkono Wako



Somo la leo ni la mafundi wa ujenzi walio katika vikundi vyetu. Wenyeviti na makatibu msifunge ukurasa, kuna kazi yenu hapa pia.

Karibu kila kijiji kina fundi aliyejenga nusu ya nyumba tunazolala, na bado hana karatasi hata moja. Ikija kazi ya darasa au zahanati, mwenye kandarasi anauliza cheti. Fundi wetu anaambiwa achanganye simiti, na kijana aliyetoka chuoni juzi ndiye anashika mwiko. Jioni pesa zao si sawa. Tena sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Ujenzi ya Taifa (NCA) inataka mafundi stadi waandikishwe. Kwa hiyo hili si jambo la kujipamba, ni la ugali wa watoto.

Njia ni mbili. Ile ya zamani ni mtihani wa gredi, ambao siku hizi uko chini ya NITA. Mtu huanza Gredi ya 3, akapanda ya 2, halafu ya 1. Nyingine ni ya kutambuliwa ujuzi ulioupata kazini bila kukaa darasani, nayo iko chini ya KNQA. Hapo unapimwa kwa ushahidi wa kazi zako, kwa kuhojiwa, na kwa kutazamwa ukifanya kazi. Nenda chuo cha ufundi kilicho karibu uulize ada na tarehe, maana hubadilika.

Sasa niwaambie nilivyokosea. Zamani kidogo nilimwandikia fundi mmoja barua nzuri sana, na mhuri juu. Nilisema ni Mkristo mwema, ana bidii, halewi, na watoto wake wote wako shule. Mpimaji akaisoma, akamrudishia. "Huyu mama anasema unasali. Wewe umejenga nini?" Fundi akajibu, "Tumejenga mengi." Basi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Yeye alikuwa amejenga kweli, lakini barua yangu haikutaja hata tofali moja.

Lile neno "tumejenga" ndilo lilimmaliza. Sisi kwenye vikundi tunafundishana kusema "sisi", na anayesema "mimi" anaonekana ana maringo. Kwenye harambee ni sawa kabisa. Lakini mpimaji hawezi kukipa kikundi gredi. Anataka kujua mkono wako ulifanya nini. Kusema ukweli wa kazi yako si majivuno, jamani.

Tazameni maneno haya: "Tulijenga tangi la akina mama na likaisha vizuri." Hapo mpimaji ameambiwa nini? Sasa tazameni haya:

"Mwaka 2019 nilikuwa fundi mkuu wa tangi la maji ya mvua, lita 10,000. Nilisimamia vibarua wanne. Tulipochimba tulikuta udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Nilikataa kuweka msingi juu yake. Niliomba kamati siku mbili zaidi, tukachimba mpaka tukafika kwenye muramu mgumu. Zege la sakafu nilichanganya 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Nilipima kwa karai, si kwa koleo, kwa sababu koleo halijai sawasawa kila mara. Nililimwagilia maji siku 7 ili lisikauke haraka na kupasuka."

Huyu ameonyesha shida, uamuzi wake na sababu. Sababu ndiyo yenye uzito. Mafundi wengi wanapata kona ya mraba kwa kamba ya futi 3, 4 na 5, lakini hawafikirii kuiandika. Iandike! Hata kosa liandike, kama ukuta uliopasuka, ukishaeleza ulivyotambua chanzo na ulivyourekebisha. Mpimaji ni fundi pia, hatakubali kwamba miaka 20 hukukosea hata siku moja.

Msidhani ni sisi maskini tu tunaoulizwa hivi. Uingereza kuna chama cha wahandisi wa ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1818, na kiongozi wake wa kwanza, Thomas Telford, alianza ujana wake kama mwanagenzi wa uashi wa mawe. Hadi leo mhandisi anayetaka kuingia kwa daraja la juu huandika ripoti ya kazi aliyofanya yeye mwenyewe, kisha wenzake wa taaluma wanamhoji juu yake.

Kuhusu ushahidi: piga picha kabla ya kufunika. Ukuta ukishapigwa plasta, nani ataona vyuma vya linta? Picha moja ya msingi ukiwa wazi, wewe ukiwa na timazi mkononi, inashinda picha kumi za nyumba iliyopakwa rangi. Simu hupotea, kwa hiyo safisha picha, zikae kwa faili. Mwenye kazi aandike mwaka, kazi uliyofanya na namba yake ya simu, aweke sahihi. Barua ya Padre iwepo, lakini iwe ya mwisho.

Na hapa makatibu ndio nawahitaji. Kitabu cha kumbukumbu za mikutano ni ushahidi mkubwa. Mkiandika "kazi ya tangi ilijadiliwa", hamjamsaidia mtu. Andikeni nani alipewa kazi gani, na nani aliikagua ilipoisha.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni fundi gani kati yetu hana cheti? Tangu 2015 amejenga nini hapa kijijini?

2. Fungueni kitabu cha kumbukumbu. Jina lake limeandikwa mara ngapi?

3. Aeleze kazi moja kwa sauti, bila kusema "tuli-". Katibu aandike. Kila akisimama, wengine waulize, "Kwa nini ulifanya hivyo?"