Kabla ya Kukata Pua: Kuitia Mota Glaida ya Mita 4

Glaida ninayoizungumzia ni nakala ya ASK 21, ile ndege ya mafunzo ya viti viwili isiyo na injini, inayoundwa na kampuni ya Alexander Schleicher pale Poppenhausen, Ujerumani, chini ya mlima Wasserkuppe. Ndege halisi iliruka mara ya kwanza mwaka 1979 na mabawa yake yana upana wa mita 17. Yangu ni robo yake: mita 4.25 toka ncha hadi ncha, bodi ya faiba, uzito kilo 5.4. Huirushi kwa kuitupa kama ya povu la dukani. Inavutwa kwa kamba na ndege nyingine ya rimoti yenye injini, na hapo ndipo penye adha. Mwenye ndege ya kuvuta lazima awepo, awe na mafuta, na awe na moyo wa kuwahudumia wengine jioni nzima. Jumamosi anapatikana. Jumanne saa kumi na moja jioni, jua zuri, upepo umetulia, humwoni.

Mpwa wangu aliyeko Iringa aliniuliza kwenye simu, "Mjomba, si ununue tu iliyokuja na mota?" Swali la haki. Nilimjibu kwamba mabawa ninayo tayari, nimeyazoea, na kununua mengine ni kulipia mara mbili kitu kile kile. Akacheka, akasema mjomba ana ubahili wa kisomi.

Wengi wanaotaka kufanya kazi hii huanzia dukani. Wanaulizana mota ipi, betri ipi, propela ya inchi ngapi. Mimi nasema anza na mizani, tena ya jikoni inatosha. Glaida kubwa karibu zote zina risasi puani, kwa sababu mkia ni mrefu na pua ni fupi. Risasi hiyo haina kazi nyingine ila kuituliza ndege isiinue pua. Ukiitoa ukaweka mota mahali pake, umebadilisha mzigo uliokuwa umelala kwa mzigo unaofanya kazi. Ila hesabu ikubali kwanza, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Yangu ilikuwa na gramu 600 za risasi, sentimita 65 mbele ya kitovu cha uzito. Zidisha: 39,000. Hiyo ndiyo nguvu ya kuishusha pua ambayo vifaa vipya lazima viirudishe, visizidi wala visipungue. Mota niliyoipigia hesabu, pamoja na propela na kofia yake, ilikuwa gramu 460, ikikaa sentimita 70 mbele: 32,200. Kidhibiti cha mota gramu 100, sentimita 25 mbele: 2,500. Jumla 34,700, zimebaki 4,300 za kufidiwa na betri. Betri ni gramu 720, kwa hiyo ikae takriban sentimita 6 mbele ya kitovu. Matokeo haya ni mazuri kuliko yanavyoonekana. Betri ikiwa karibu hivyo na kitovu, hata ukija kuibadilisha kwa nyingine iliyozidi gramu 50, ndege haitashtuka. Kama hesabu ingeniambia betri ikae nyuma ya bawa, ningetafuta mota nyepesi zaidi. Kwa hiyo mota niliinunua mwisho, baada ya karatasi kukubali.

Ndege imeongezeka gramu 680 na kufika kama kilo 6.1. Kasi ya chini kabisa ambayo ndege inaweza kuruka nayo bila kuanguka imepanda kwa karibu asilimia 6. Kwenye kutua unaiona tofauti hiyo, ukiwa kwenye hewa ya joto inayopanda huioni.

Wazo la kuichukua ndege ya namna hii na kuitia umeme si jipya. Fred Militky, mhandisi wa kampuni ya vidude vya kurusha ya Graupner, alihangaika na ndege ndogo za umeme miaka mingi kabla ya kugeukia kubwa. Tarehe 21 Oktoba 1973, huko Austria, glaida ya injini aina ya HB-3 iliyong'olewa injini yake na kuwekewa mota na betri ilipaa na mtu ndani kwa dakika kadhaa. Ikaitwa MB-E1. Kwa hiyo anayekata pua ya glaida yake gereji leo anafuata njia ya watu wazima.

Sasa pua. Tafuta kwanza kofia ya propela, kisha pita na kipimo juu ya pua hadi pale kipenyo kinapolingana na cha kofia. Yangu ni milimita 45. Funga ukanda wa karatasi yenye ukingo ulionyooka kuizunguka pua, chora mstari, halafu usiukate mstari huo. Mota haitakiwi kutazama mbele moja kwa moja. Ndege ya mabawa makubwa ikipewa nguvu hunyanyua pua, kwa hiyo shafti ielekee chini nyuzi 3 na kulia nyuzi 2, ukitazama kutoka kiti cha rubani. Kwenye duara la milimita 45, nyuzi 3 ni milimita 2.4. Maana yake upande wa chini wa mkato unarudi nyuma milimita 2.4 kuliko wa juu, na upande wa kulia unarudi milimita 1.6 kuliko wa kushoto. Chora mstari wa pili kwa vipimo hivyo. Kata milimita 2 mbele yake kwa gurudumu jembamba, kisha malizia kwa msasa uliogundishwa kwenye ubao bapa. Vaa barakoa na ulowanishe msasa, maana vumbi la faiba likiingia kifuani halina dawa ya mitishamba.

Ukuta wa kushikia mota nimeukata kwenye bamba la faiba la milimita 3. Usiugundishe kwa kukadiria. Funga mota kwenye ukuta kwa skrubu zake, ingiza vyote puani kupitia mlango wa rubani, kisha vaa kofia ya propela kutoka nje na uweke vipande vya kadi ya milimita 1 kati ya kofia na ukingo wa pua, pande zote. Kofia ikiwa imekaa sawa na kadi zimebanwa kwa usawa, ukuta wenyewe umejipanga. Ushike kwa matone machache ya gundi ya haraka kutoka ndani. Toa mota, kisha jaza kona yote kwa epoksi ya saa 24 iliyochanganywa na nyuzi za pamba hadi iwe nzito kama uji wa ulezi. Epoksi ya dakika 5 iache kwenye droo. Mota ikipata joto, gundi hiyo hulegea.

Rubani wa plastiki wa kiti cha mbele amekatwa miguu magotini ili nyaya zipite. Halalamiki.

Nguvu nilizipanga hivi. Glaida ya kupanda bila papara inataka wati 150 hadi 200 kwa kilo. Kwa kilo 6.1 nililenga wati 1,160. Betri ya lipo ya seli 6 ikibanwa hutoa kama volti 21, kwa hiyo ampea 55, na kidhibiti ni cha ampea 80 ili kisifanye kazi mwisho wa uwezo wake. Mota ya mizunguko 400 kwa volti inazungusha propela ya kukunja ya inchi 16 kwa 10 karibu mara 6,700 kwa dakika. Sekunde 30 zinatosha kufika mita 200 hivi, na betri ya mAh 5,000 inakupa mipando minane ukiacha akiba ya asilimia 20. Pima ampea ndege ikiwa imefungwa chini kabla ya kuirusha, usiamini maandishi ya kwenye boksi.

Nyaya za betri usizirefushe. Kama umbali upo, refusha zile tatu za kwenda motani, kwa sababu waya mrefu upande wa betri huua kapasita ndani ya kidhibiti. Washa breki ya mota, vinginevyo propela itaendelea kuzungushwa na upepo na haitajikunja. Risiva na sevo zibaki na betri yao ya zamani. Swichi ya mota kwenye rimoti iwe mbali na kijiti cha breki za hewa, na mawimbi yakikatika mota izimike yenyewe. Usisahau hewa: tundu la kutolea joto liwe kubwa kuliko la kuingizia.

Kuna jambo moja ambalo picha za mtandaoni hazilionyeshi. ASK 21 ina tumbo la chini, na propela ya inchi 16 inashuka sentimita 20 chini ya katikati ya pua. Ikiwa juu ya gurudumu lake, itachimba nyasi. Dawa ni kigari cha plaiwudi chenye magurudumu ya kigari cha mtoto. Ndege inalala juu yake, inakimbia, inapaa, kigari kinabaki. Kutua, mota iwe imezimwa na propela imejikunja.

Mwisho ni kwa wanaosafiri. Betri ya seli 6 ya mAh 5,000 ina Wh 111, na kikomo cha kubeba betri ya akiba kwenye kabini bila kibali cha shirika la ndege ni Wh 100. Mimi natumia mbili za seli 3 zilizounganishwa mfululizo, kila moja Wh 55.5, zinaingia mkobani bila mabishano. Kwenye begi la chini haziruhusiwi kabisa. Huku Ulaya mwenye ndege ya kuanzia gramu 250 anatakiwa kujisajili, na Ujerumani bima ni lazima. Walio Tanzania waulize mamlaka yao ya usafiri wa anga, TCAA, walio Kenya waulize yao, KCAA, tena waulize kabla ya kuagiza chochote, maana mzigo ukishakwama forodhani hesabu zote hizi hazikusaidii.