Jina la Kilatini la mgomba wako: namna ninavyoliandika
Ukitaka kuweka kibao cha jina la Kilatini kwenye mgomba, usikimbilie Musa paradisiaca. Jina hilo alilitoa Linnaeus mwaka 1753, na leo linawafaa machotara wa spishi mbili: Musa acuminata na Musa balbisiana. Nkonjwa ni chotara wa namna hiyo. Nshakala, nyoya na entobe, ndizi tunazopika kila siku Bukoba na Muleba, ni acuminata tupu. Kuziita paradisiaca ni kuzipa ukoo usio wao, na huniuma kuliona.

Mimi huanza na kikonyo cha jani. Nakikata karibu na shina, natazama mkato: mfereji ukiwa wazi, kingo zimetanuka nje, hiyo ni acuminata. Kingo zikijikunja ndani hadi kukaribia kugusana, balbisiana imo.

Kisha ua dume. Kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko tunalivunja kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho ikitoka, basi lichunguze kwanza. Gamba la acuminata likifunguka hujiviringisha kurudi nyuma; la balbisiana huinuka tu. Geuza upande wa ndani: wekundu unaofifia kuwa njano kuelekea kwenye shina lake ni acuminata, wekundu mzito mpaka mwisho ni balbisiana. Na kisu kipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, tafadhali sana.

Dalili kama hizi watafiti Simmonds na Shepherd walizikusanya 15 mwaka 1955, kila moja wakaipa alama: 1 ikielekea acuminata, 5 ikielekea balbisiana. Ndipo zikatoka herufi, A ya acuminata na B ya balbisiana: AAA kwa ebitoke, yaani ndizi zetu za kupika, AAB kwa nkonjwa, AB kwa kisubi. Idadi ya herufi ni seti za kromosomu. Idadi hiyo haionekani kwa macho, ila kwa ndizi zetu hizi inajulikana tayari.

Sasa andika: Musa (AAA) ‘Nshakala’. Musa liwe kwa herufi za mlazo. Jina la Kihaya lisimame wima, ndani ya alama hizo za nukuu. Usilitafsiri. Kanuni za kimataifa za mimea inayolimwa zinataka jina la aina libaki kama lilivyo, na hapo mabibi zetu waliozipa ndizi majina wanapata haki yao.

Ukikwama, peleka picha za mkato, ua dume na mkungu mzima kituo cha utafiti cha Maruku. Picha tu, ua au chipukizi la kibanja chenye mnyauko lisitoke hapo.