Karatasi Mpya Yenye Sura ya Kale

Huko Butiama, katika mkoa wa Mara, pana nyumba ya makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1922. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1999. Watu waendao kuitazama hutaka kuona vitu vilivyokuwa vyake mwenyewe, wala si mifano yake.

Mwalimu alianza masomo katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934. Hata alipokuwa mkuu wa nchi hakuacha kalamu: tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, kisha ikatengenezwa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika mchezo huo Antony awaonyesha watu wa Roma wosia wa Kaizari. Basi wanafunzi wauchezao yawapasa kuwa na hati ya kushika mkononi, na karatasi nyeupe iliyong'olewa daftarini huwachekesha watazamaji. Kwa kweli wosia ule haukuwa wa kale siku uliposomwa. Lakini watazamaji hupenda kuona habari za kale katika karatasi ya kale.

Kazi yenyewe si ngumu. Majani ya chai huchemshwa katika maji machache mpaka yawe meusi, kisha huchujwa na kuachwa yapoe. Karatasi isiyo na mistari hukunjwakunjwa mkononi kama ya kutupwa, halafu hukunjuliwa na kulazwa katika sinia, na ile chai humiminwa juu yake. Penye kunyanzi chai huingia sana, na rangi huwa nzito zaidi. Baada ya dakika 5 hivi karatasi huinuliwa kwa mikono miwili, maana karatasi iliyolowa huchanika upesi. Atakaye rangi nzito zaidi hutumia kahawa. Maneno huandikwa karatasi ikiisha kukauka, kwa sababu wino mwingi huyeyuka majini.

Musoma yana miamba mikubwa, na mwamba uliopigwa na jua hukausha karatasi upesi kuliko ubao. Ila upepo wa ziwani huweza kuichukua, kwa hiyo vijiwe huwekwa pembeni. Vijiwe navyo huacha alama zake, na alama hizo huipendeza karatasi ya mchezo. Wako wapendao kuunguza kingo kwa mshumaa. Kazi hiyo hufanywa nje, mbali na nyasi, mtu mzima akiwapo na ndoo ya maji karibu.

Lakini karatasi iliyozeeka kweli haikupata rangi yake kwa njia hii. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini, kishikacho nyuzi zake pamoja. Mwanga na hewa vikikipata, hugeuka rangi. Gazeti lililoachwa dirishani huanza kuwa la manjano kwa muda wa siku chache tu. Watu walijifunza kusaga mti kwa karatasi katika miaka ya 1840. Zamani karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, pamba kama ile ilimwayo Bunda. Kwa sababu hiyo kitabu cha miaka 400 huweza kuwa cheupe kuliko gazeti la miaka 40.

Tena uzee huingia kwa kingo. Kitabu cha kale kikifunguliwa, ukingo wa ukurasa huwa umeiva rangi, na katikati pamebaki peupe. Chai huenda popote, hukaa kama vidimbwi, na kila kidimbwi kikikauka huacha mstari mweusi pembeni mwake. Karatasi ya mti iliyozeeka huvunjika ikikunjwa. Iliyotiwa chai jana hukunjika bila kuvunjika.

Wako waliojaribu kuwadanganya watu kwa chai. Mwaka 1983 gazeti la Ujerumani liitwalo Stern lilitangaza kwamba limepata daftari ambazo Hitler aliandika habari zake za kila siku. Aliyeziandika ni Konrad Kujau, naye alizimwagia chai na kuzipigapiga mezani ili zichakae. Wataalamu walipozipima waliona katika karatasi dawa ya weupe iliyoanza kutumiwa baada ya vita, na Hitler alikufa mwaka 1945. Mwaka 1985 Kujau alihukumiwa kifungo cha miaka 4 na nusu.

Vivyo hivyo mtu aandikaye leo hati ya shamba, akaitia chai, akamwambia hakimu kwamba aliachiwa na babu yake, amefanya kosa ambalo sheria ya Tanzania huliita kughushi. Na majirani waweza kupoteza shamba lao kwa birika moja la chai.

Kwa hiyo wosia wa Kaizari, mchezo ukiisha, huandikwa nyuma yake kwa wino jina la shule na mwaka uliotengenezwa. Na stakabadhi ya kodi iliyomo sandukuni mwa bibi, au cheti chake cha ubatizo, havitiwi chai wala haviwekwi juani. Hufungwa katika bahasha safi, mahali pakavu, mchwa wasipofika.