NDEGE ZILIKUWA WAPI?

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila jioni nikirudi nyumbani Malaba hupita kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Siku moja mzee jirani yetu aliniita akaniambia, "Mjukuu wangu, baba yangu alizama na meli ya Khedive Ismail nikiwa tumboni mwa mama. Wewe unayesoma, hebu niambie, ndege za kuilinda zilikuwa wapi?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Nilimwendea mwalimu wa historia, nikachimbua vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ndege za mabomu zilizowinda nyambizi zilikuwa nzito na za mwendo wa pole. Katika Ghuba ya Biscay, karibu na Ufaransa, ndege za Kijerumani aina ya Junkers 88 zilizivamia. Ndipo Waingereza wakatuma Beaufighter kushika doria ili kuzilinda. Mbona si Spitfire? Spitfire ilikuwa na mbio, lakini bila tangi la ziada haikufika hata kilomita 1,000, tena kuna safari ya kurudi! Beaufighter iliweza kilomita 2,400 hivi.

Pili, bahari yetu. Hapa kulikuwa na Catalina, ndege zinazotua majini. Zilikaa Mombasa, na nyingine zilitengenezwa Kisumu, hapo tu jirani. Hizi ziliruka bila wasindikizaji, kwa sababu adui hapa alikuwa nyambizi za Wajerumani na Wajapani, wala si ndege. Kumbe Catalina yenyewe ndiyo iliyokuwa msindikizaji wa meli! Mnamo Agosti 1943 Catalina ziliizamisha nyambizi U-197 kusini mwa Madagaska.

Tatu, umbali. Februari 1944 Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari Hawkins, Petard na Paladin ziliisindikiza. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Petard na Paladin ziliizamisha nyambizi hiyo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Sasa piga hesabu. Catalina ilienda kilomita 4,000 hivi kwa jumla. Mombasa hadi Maldives ni zaidi ya 3,500. Kwenda na kurudi je? Haiwezekani. Hata zile za visiwani zilikuwa chache kwa bahari pana kama ile.

Nilimpelekea mzee hesabu hiyo kwenye daftari. Akaitazama sana, akasema, "Kwa hiyo ilikuwa mbali." Nikamwambia kuwa huko Nairobi, katika makaburi ya vita, kuna Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki unaowakumbuka waliozama na meli hiyo. Akaniuliza nauli ya basi ni pesa ngapi.

Wenzangu, msidhani historia ni ya mtihani tu. Waulizeni wazee wenu wangali hai. Tukifunga shule, mimi na mzee tuna safari.