KITABU KILICHOFUNGWA KABATINI HAKIFUNDISHI MTU



Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali katika Kongo yetu zimetangazwa bure. Ni jambo jema. Lakini sote tunajua kama bure ya kalasi si bure ya kitabu. Tena sisi wa sekondari tungali tunalipa. Mzazi akiisha kutafuta feza ya shule, ya nguo na ya kaye, kitabu kinabaki nyuma. Njo maana wengi wetu tunasoma kwa kunakili ubaoni tu, na yule aliyelala na malaria siku ile amekosa somo kabisa.

Somo la leo linauliza: ni nini kinachomzuia mtoto wa maskini kufikia kitabu? Ni feza tu? Tutazame mfano mmoja wa zamani.

1. Kijana wa miaka 17 na dola mbili

Andrew Carnegie alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline, Uskoti. Baba yake alifuma nguo kwa mkono. Mashine za mvuke zilipoingia, kazi yake ikafa. Mwaka 1848 jamaa yote wakavuka bahari, wakakaa Allegheny, karibu na Pittsburgh, Marekani. Andrew akaacha shule, akaingia kiwanda cha pamba kwa mshahara wa dola 1 na senti 20 kwa juma. Baadaye akapata kazi ya kupeleka barua za telegrafu.

Mule Allegheny kulikuwa mzee mmoja, Kanali James Anderson, mwenye vitabu kama 400. Kila Jumamosi aliwafungulia vijana wafanyakazi. Kila mmoja alichukua kitabu kimoja, akakirudisha Jumamosi iliyofuata, akapewa kingine.

Kisha maktaba ile ikakua, ikapata wasimamizi, ikapata na sheria: vijana wanaojifunza ufundi waingie bure, wengine walipe dola 2 kwa mwaka. Mtu wa telegrafu hakuhesabiwa fundi. Mwaka 1853, akiwa na miaka 17, Andrew hakutukana mtu. Aliandika barua katika gazeti la mji, akaeleza kama mwenye vitabu alivitoa kwa vijana wote wa kazi. Mwishowe sheria ikabadilishwa, naye akaingia bure.

Tuangalie vizuri. Vitabu vilikuwa vilevile. Sheria njo iligeuka.

2. Tajiri na swali la wafanyakazi

Baadaye Carnegie alipata mali mingi sana kwa kazi ya chuma cha pua. Alitoa feza za kujenga maktaba zaidi ya 2,500. Ya kwanza ilifunguliwa Dunfermline mwaka 1883. Kwa kawaida mji uliotaka maktaba ulitoa kiwanja, ukaahidi kila mwaka feza ya kuitunza, sehemu moja kwa kumi ya zawadi. Alijua kama nyumba ya vitabu bila mtunzaji inakuwa ghala.

Hata hivyo tusimsifu bila kupima. Mwaka 1892 katika kiwanda chake cha Homestead kulikuwa ugomvi mkali juu ya mishahara, na watu wakakufa. Wafanyakazi wengi wa chuma walifanya kazi saa 12 kwa siku. Watu wakauliza: mwenye kuchoka hivi atasoma saa ngapi? Swali hilo lilikuwa la haki. Saa nayo ni mlango.

3. Milango mitatu hapa kwetu

Mlango wa feza. Kuazima kitabu kunaombwa rehani. Mwenye feza anaweka, asiye nayo anarudi mikono mitupu. Tunaomba rehani iondolewe, na mahali pake wanafunzi wawili watie sahihi kwa ajili ya mwenzao. Kitabu kikipotea, hao watatu watafanya kazi ya kutengeneza vingine: kushona, kufunika, kubandika kurasa kwa gundi ya unga wa muhogo.

Mlango wa saa. Kabati linafunguliwa nyuma ya masomo, wakati wanafunzi wanaolala kwao wako njiani, maji na kuni vikiwangoja. Lifunguliwe asubuhi pia, robo saa mbele ya kengele. Sisi viongozi wa wanafunzi tutasimamia daftari kwa zamu, ili kazi isiwalemee walimu.

Mlango wa woga. Walimu wanasema: kitabu kikienda mtaani hakirudi. Woga huu una sababu, hatuucheki. Lakini tufanye hesabu. Tuchukue vitabu 40, kila kimoja kiazimwe kwa juma moja, katika majuma 30 ya masomo. Ni mara 1,200 za kusoma. Hata kama vitabu 5 vingepotea siku ya kwanza, vingebaki 35, na mara za kusoma zingekuwa 1,050. Vikikaa kabatini vyote 40, hakuna kitakachopotea, na jumla ni sifuri. Tena kabati si salama: panya na unyevu haviandiki jina kwenye daftari.

Kwa vitabu vya mtihani wa taifa, vilivyo kidogo sana, tunashauri watu wanne kwa kitabu kimoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine waandike, kisha wabadilishane.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunakaribia kutoka. Faida kubwa ya mabadiliko haya itakuwa kwenu wadogo zetu. Njo maana tumeandika bila kungoja kuulizwa, na tunaomba Bwana Prefe na walimu watupe jibu mbele ya mwisho wa muhula.

Maswali ya kujadili katika kalasi:
a) Ni mlango gani kati ya hii mitatu unaofungia wengi katika kalasi yenu?
b) Mwenye kupoteza kitabu kwa bahati mbaya na mwenye kukiuza, waazibiwe sawasawa?
c) Nyumbani kwenu kuna kitabu kisichosomwa tena? Kinaweza kuazimishwa?

Majibu yaletwe kwa kiongozi wa kalasi kabla ya Ijumaa.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho