Hesabu Mapigo Yako: Vidokezo kwa Mwalimu wa Takwimu

Mwanafunzi anayesinzia mbele ya jedwali la mavuno ya mahindi huchangamka akiambiwa ahesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe. Walimu wa Morogoro mna kila kitu: mikono, saa ya ukutani, na Milima ya Uluguru nyuma ya darasa.

1. Anza na kadi ya kliniki. Wengi walichorewa grafu kabla hawajajua kutembea: umri chini, uzito pembeni, mstari unaopanda. Chora mfano ubaoni, uliza: mstari ukilala miezi miwili, nesi anawaza nini? Kadi zenyewe zibaki nyumbani, kwa kuwa zina habari za mama na mtoto zisizolihusu darasa.

2. Pimeni kwa vidole. Kidole cha shahada na cha kati viwekwe upande wa ndani wa mkono, chini ya gumba. Gumba lenyewe lisitumike, maana lina mapigo yake. Hesabuni kwa sekunde 15, zidisheni kwa 4, andikeni majibu yote ubaoni, kisha mwalimu unyamaze. Haitachukua muda kabla mmoja hajashtuka: kuna 68, 72, 76, 80, lakini hakuna 70 wala 73. Mioyo ya kidato cha pili imepatana lini? Ni ile kuzidisha kwa 4. Hata pigo moja likikosewa, kosa linakuwa la mapigo manne. Rudieni kwa sekunde 60 nzima, mlinganishe. Kwangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote: namba inabeba habari za mwili pamoja na habari za namna ulivyopimwa. Likiwaingia, hata kanuni ya wastani wakiisahau, wataikumbuka baadaye.

3. Pandeni. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kinachouangalia kina mita 2,138. Hamna haja ya kufika huko, njia ya Morningside inatosha. Pimeni chini, pimeni mkifika, halafu mketi dakika 20 mpime tena. Wengi watakuwa wameshaamua kwamba mapigo yamepandishwa na kimo cha mlima. Yakishuka huku bado mko juu, watajua kazi ya miguu ilichangia zaidi. Wenye pumu au maradhi ya moyo washike saa na daftari. Kazi hiyo nayo ni ya kitaalamu.

4. Msikimbilie hitimisho. Anayeshuka kutoka Choma kila asubuhi na anayeishi tambarare ya Kihonda huenda wakatofautiana, lakini watoto watano kwa watano wanakupa swali tu la kuanzia.

5. Vifaa navyo vihojiwe. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kifaa hicho hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Waache wanafunzi waulize kilijaribiwa kwa ngozi ya nani.

6. Majina yafichwe. Kila mmoja aokote kikaratasi chenye namba ya siri, na uzito usipimwe kabisa mbele ya wenzake. Kicheko cha darasa kinamuumiza mtoto kwa miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto na za kibayometriki katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo ombeni ridhaa ya wazazi mapema. Neno kibayometriki halitawashangaza wanafunzi: wameona watu wa nyumbani wakibonyeza vidole kusajili laini za simu. Muhula ukiisha, kila mmoja aulizwe kama mstari wake kwenye jedwali ubaki au ufutwe. Akisema ufutwe, futeni hapo hapo, kisha mkokotoe wastani upya muone umesogea kiasi gani.